"Kuhalalisha" na "Kuruhusu": Lugha ya Mjadala wa Bangi Ikipimwa kwa Masikio ya Gare

Yapo maneno ambayo huingia katika mabishano yakiwa yamekwisha kutoa hukumu kabla wasemaji hawajafungua vinywa. Neno "kuhalalisha" ni mojawapo, na katika mjadala wa bangi ndilo libebalo mzigo wote. Magazetini, redioni, bungeni na katika vijiwe vya kahawa swali huulizwa kwa sura moja tu: je, bangi ihalalishwe? Wanaokubali na wanaokataa hutofautiana katika kila jambo isipokuwa hilo moja, kwamba kitenzi chao ni kimoja. Ni nadra kumwona mtu akisimama kuuliza kama kitenzi hicho kweli chasema wanachotaka kusema.

Kwa sababu hiyo uhakiki wa mjadala huu yafaa uanze na lugha, si na mmea. Na mahali pa kuipimia lugha hiyo pasiwe Dar es Salaam wala Nairobi, ambako wasemaji wengi wanayo Kiingereza nyuma ya Kiswahili chao na hujisahihisha kimoyomoyo, bali pawe mahali kama Gare, karibu na mji wa Lushoto katika milima ya Usambara. Mkulima wa Gare hupanda kabichi, karoti, viazi na maharage katika miteremko mikali, na mboga zake hushuka kwa malori hadi pwani. Nyumbani husema Kishambaa. Sokoni, shuleni na mbele ya mtendaji wa kata husema Kiswahili. Na sheria kubwa zinazomhusu, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, zimekuwa zikiandikwa kwa Kiingereza. Dini nazo zimekaa pamoja hapo. Watrapisti walijenga misheni yao Gare mwishoni mwa karne ya 19, Walutheri wana mizizi mirefu Lushoto na Vuga, na Waislamu ni wengi katika milima yote. Mtu wa namna hiyo ndiye sheria itakayemgusa, awe amelima au hakulima. Basi yafaa kujua ni swali gani hasa analolisikia anapoambiwa kwamba wakubwa wanabishana juu ya kuihalalisha bangi.

Tuanze na umbo la neno. "Halali" na "haramu" ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili pamoja na dini, na maana yao ya kwanza ni ya dini: lililoruhusiwa na Mungu na alilolikataza. Hapana shaka kwamba maneno hayo yamekwisha kupata matumizi mengine. Husemwa "mmiliki halali wa shamba", "fedha halali kwa malipo", "mkutano usio halali", wala hapana asikiaye harufu ya msikiti wala ya kanisa katika maneno hayo. Mtu anayetaka kukitetea kitenzi "kuhalalisha" atasema kwamba kimekwisha kutoka madrasa na kuhamia mahakamani, na kwamba kukishuku leo ni sawa na kulishuku neno "sheria" kwa kuwa nalo lina asili ile ile.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau jambo moja ambalo kila msemaji wa Kiswahili analijua bila ya kufundishwa. "Halali" inapokaa pamoja na shamba, fedha au mkutano, husema habari za serikali. Inapokaa pamoja na kitu kiingiacho mwilini, kinacholiwa, kinachonywewa au kinachovutwa, hurudi kwao. Nyama halali si nyama iliyolipiwa ushuru. Kinywaji cha haramu si kinywaji kisicho na stempu ya mapato. Bia ya Tanzania hutengenezwa kwa leseni, hulipa kodi kubwa, na huuzwa mchana kweupe. Hata hivyo hapana Mwislamu wa Lushoto atakayeiita halali, na wala serikali haikupata kumwomba aiite hivyo. Serikali iliiruhusu tu. Basi anaposimama mtu na kusema bangi "ihalalishwe", hakuna namna ya kulizuia neno lisirudi kule litokako. Msikilizaji husikia kwamba watu fulani wanataka kubadili alichokikataza Mungu, na jibu lake limekwisha kuwa tayari. Mkristo wa Gare, ingawa hana sheria ya vyakula kama jirani yake, amelipokea neno pamoja na uzito wake wote, kwa maana Kiswahili hakina "haramu" ya Wakristo na nyingine ya Waislamu.

Liko jambo la pili katika umbo la neno, nalo ni la sarufi. Kiambishi cha kufanyiza kilichomo katika "halalisha" hukibadili kitu chenyewe: kilichokuwa haramu sasa ni halali. Shamirisho ya "kuhalalisha" ni mmea. Lakini shamirisho ya "kuruhusu" ni mtu: mtu huruhusiwa kulima, kuuza, kuwa na kiasi fulani, kutumia kwa ugonjwa fulani. Sheria za nchi kwa kawaida hushughulika na watu na vitendo vyao. Hali ya mmea mbele ya mbingu haimo katika kazi yake. Kwa hiyo kila mjadala unaoendeshwa kwa "kuhalalisha" huuliza bangi ni kitu gani, na kila mjadala unaoendeshwa kwa "kuruhusu" hulazimika kuuliza nani, wapi, kiasi gani na kwa kazi gani. Maswali ya namna ya pili ndiyo yanayoweza kujibiwa na bunge. Swali la namna ya kwanza haliwezi kujibiwa na bunge lolote, na hii yaweza kuwa sababu mojawapo ya mjadala wenyewe kutokwenda mbele hata hatua.

Habari za nchi nyingine zinapofikishwa kwa wasikilizaji wa Kiswahili, kosa hili huonekana wazi. Lesotho mwaka 2017 ilianza kutoa leseni za kulima bangi kwa ajili ya dawa. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika hukumu ya tarehe 18 Septemba 2018 iliyosomwa na Jaji Raymond Zondo, ilisema kwamba mtu mzima asihesabiwe mkosaji kwa kutumia au kulima bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Biashara haikuguswa, na sheria ya kuitimiza hukumu hiyo ilitiwa sahihi mwezi wa Mei mwaka 2024. Kanada, tangu Oktoba 2018, yaruhusu watu wazima kuinunua dukani. Rwanda mwaka 2020 ilikubali ilimwe kwa ajili ya kuuzwa nje kwa matumizi ya dawa, na papo hapo ikaacha marufuku ya kuitumia nchini kama ilivyokuwa. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, humwachilia mtu mzima kuwa na gramu 25 hadharani na miche mitatu nyumbani, lakini haimpi duka la kununulia. Haya ni mambo matano, na hayafanani. Moja ni kilimo cha leseni, moja ni kumfutia jinai mtumiaji, moja ni biashara ya wazi, moja ni zao la kusafirishwa tu, na la mwisho ni mchanganyiko wa haya. Katika Kiswahili cha kila siku yote hutangazwa kwa kitenzi kile kile: nchi fulani "imehalalisha bangi". Msikilizaji anayeambiwa kwamba Rwanda imehalalisha, kisha akasikia kwamba kijana amekamatwa huko na msokoto mmoja, atadhani mmoja wa watangazaji ni mwongo. Hakuna mwongo, liko neno moja tu lililolazimishwa kufanya kazi ya maneno manne.

Hali hiyo hiyo ilitokea hata kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 2 Desemba 2020 tume yake ya dawa za kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25 na mmoja asiyepiga kura, iliiondoa bangi katika jedwali la nne la mkataba wa mwaka 1961, ambalo ni jedwali la vitu vilivyohesabiwa kuwa hatari zaidi na vyenye manufaa kidogo kwa tiba. Bangi ilibaki katika jedwali la kwanza, yaani chini ya udhibiti mkali. Kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili kwahitaji sentensi mbili za uangalifu. "Umoja wa Mataifa wahalalisha bangi" ni sentensi moja, ni fupi, na si kweli.

Katika Afrika ya Mashariki mjadala huu umepata sauti kubwa zaidi nchini Kenya, na hapo yafaa kupima ufundi wa wasemaji wenyewe. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliyefariki mwezi wa Julai mwaka 2019, aliandika kwa Spika mwezi wa Septemba mwaka 2018 akiomba aandikiwe mswada. Ombi lake lilikuwa na sehemu zilizopambanuka: kumfutia jinai mtumiaji, kuwaandikisha wakulima, na kuwasamehe waliofungwa. Lilikuwa ombi la mtu aliyejua tofauti ya kumwachilia mtu na kukisifu kitu. Lakini lilipoingia katika Kiswahili cha mitaani, sehemu zote ziliyeyuka zikawa neno moja, na mwenye ombi akawa "yule mbunge wa kuhalalisha bangi".

George Wajackoyah aligombea urais wa Kenya katika uchaguzi wa Agosti 2022 kwa njia iliyo kinyume kabisa na hiyo. Yeye hakulikimbia neno, alilipanda kama farasi. Aliahidi bangi ilimwe, iuzwe nje, na deni la taifa lilipwe kwa fedha zake. Wafuasi wake walicheza kwa mwito wa "tingiza mti", mwito ambao kwa msikilizaji wa lugha una ladha yake, kwa kuwa haulitaji jambo lenyewe hata kidogo. (Bangi, kwa mizani ya mtaalamu wa mimea, si mti hata hivyo.) Alipata kura 61,969, chini ya nusu ya asilimia moja. Wengi walicheka, na kicheko kile ndicho kinachostahili kulaumiwa kuliko hesabu za deni. Swali lililomhusu mkulima na mfungwa liligeuzwa kuwa ngoma, na baada ya ngoma kwisha likawa gumu zaidi kuulizwa na mtu mwenye haya. Kama ilivyo kwa mchekeshaji aliyezoeleka, hata ukweli aliousema ulihesabiwa katika mzaha. Waliolitetea jambo hilo kwa njia ya utulivu, kama wale Warastafari waliofungua shauri katika Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2021 kwa ajili ya ibada yao, walipata masikio machache mno.

Wapinzani wa jambo hili wasidhani kwamba uhakiki huu unawaacha salama. Wao ndio waliolitayarisha neno. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, na mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2017 kwa kuisimamia. Katika Kiswahili cha maofisa bangi ni "zao haramu" na kilimo chake ni "kilimo haramu". Serikali ikisema haramu, raia atasema halali. Hapana njia nyingine, kwa kuwa maneno hayo mawili ni mapacha. Ajabu ni kwamba neno hili halikuwamo katika sheria ya zamani. Katika Tanganyika ya Waingereza sheria iliyokataza kilimo cha mimea hii iliiita, kwa Kiingereza chake, mimea yenye madhara. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1995, na katika sheria ya 2015 mimea ile ile yaitwa mimea iliyokatazwa. Kisha Kiswahili cha ofisini kikaongeza hatua ya tatu, kikasema haramu. Msafara huu wa maneno matatu yafaa utazamwe kwa makini. "Yenye madhara" ni neno linaloweza kubishiwa: madhara gani, kwa nani, yamepimwaje? "Iliyokatazwa" haibishiwi, lakini hukubali kuulizwa ni nani aliyekataza na lini. "Haramu" haibishiwi wala haiulizwi. Na aliyekataza, kwa habari ya bangi, hakuwa mtume wala askofu. Ulikuwa ni mkutano wa mataifa uliokaa Geneva na kumaliza kazi yake mwaka 1925, ambako wajumbe wa Misri walisisitiza sana kwamba bangi itiwe pamoja na afyuni. Marufuku ya kidiplomasia yamevikwa kanzu.

Hapa ndipo Usambara ina la kufundisha. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya watu wa milima hiyo, amechunguza jozi ya misemo ya Kishambaa: "kuzifya shi", kuiponya nchi, na "kubana shi", kuidhuru nchi. Shi si udongo peke yake. Ni nchi pamoja na watu wake, mvua yake na chakula chake. Kwa misemo hiyo mtawala alipimwa, na vitendo vya watu wakubwa vilipimwa. Haifai kuyafanya maneno hayo kuwa bora kupita kiasi, kwa kuwa watawala nao waliyatumia kwa faida yao. Lakini yana sifa moja ambayo "halali" na "haramu" hazina: ushahidi hukubaliwa. Mvua ikinyesha au isiponyesha, watu wakishiba au wakihama, mabishano huweza kwenda mbele.

Na yalikwenda. Baada ya vita vya pili serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi ardhi ya Usambara, kwanza katika bonde la Mlalo mwaka 1946 na halafu katika sehemu nyingine. Wakulima walilazimishwa kwa sheria kuchimba matuta katika miteremko, na asiyechimba alitozwa faini au alifungwa. Wataalamu walisema kwamba matuta yanaiponya nchi kwa kuzuia mmomonyoko. Wakulima, na hasa wanawake walioshika jembe, walijibu kwamba kazi ile yawavunja migongo na haiongezi chakula. Kama Feierman aonyeshavyo, mabishano yale yaliendeshwa ndani ya wazo hilo la kuponya na kudhuru, na kila upande ulilidai kuwa lake. Kufikia mwaka 1958 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa. Sheria ya kilimo ilishindwa katika milima hii kwa sababu watu waliweza kuuliza kama kweli inaiponya nchi. Laiti asiyechimba matuta angaliitwa mtenda haramu, mabishano yale yasingalianza.

Basi swali la bangi likitafsiriwa kwa masikio ya Gare lingekuwa: yaiponya nchi au yaidhuru? Swali hilo lina kazi ya kutosha kwa pande zote. Waganga wa magonjwa ya akili wanajua kwamba matumizi mazito, hasa yakianza katika ujana, yanahusiana na ugonjwa wa kuchanganyikiwa. Jambo hilo si geni Usambara; hospitali ya Lutindi, katika milima hiyo hiyo upande wa Korogwe, imewahudumia wagonjwa wa akili tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyotolewa katika mmea huu kwa aina fulani za kifafa kikali cha watoto. Mashamba yaliyofichwa misituni hukatwa miti na hunyang'anya chemchemi maji; walakini mtu huficha shamba msituni kwa sababu hawezi kulionyesha. Kila jambo katika haya laweza kupimwa. Kijana kufungwa miaka mingi ni madhara pia, nayo yapaswa kuwekwa katika mizani ile ile. Kiswahili kina uwezo kamili wa kubeba mizani hiyo. Abdallah bin Hemedi, alipoandika habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa tena mwaka 1962, alieleza siasa za Usambara, pamoja na hila na mikataba yake, kwa Kiswahili kisichohitaji kuazima hukumu kutoka mahali pengine.

"Dawa" ni neno lingine linalohitaji kutazamwa, ingawa kwa ufupi. Wanasarufi wametumia wino mwingi kukataza "madawa ya kulevya" na kudai "dawa za kulevya", nao wana haki, kwa kuwa wingi wa dawa ni dawa. Lakini walipokuwa wakipigania kiambishi hawakuona kwamba nomino yenyewe ina matatizo makubwa zaidi. Kinachoitwa dawa kimekwisha kusifiwa nusu. Ndiyo maana anayetaka bangi kwa tiba hulazimika kusema "bangi ya dawa", yaani kukitoa kitu katika dawa za kulevya ili kukitia katika dawa, na msikilizaji hubaki akijiuliza kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Wakenya wamejiokoa kwa "mihadarati", neno zito kidogo kinywani lakini lisilo na deni hilo. Yafaa lipewe nafasi zaidi upande wa kusini wa mpaka.

Na mpaka wenyewe ni mwalimu. Kutoka Mtae, ukingoni mwa Usambara ya magharibi, mwenye macho mazuri huona nyanda zinazoelekea Kenya, na ng'ambo ya bonde la Mkomazi huona milima ya Upare. Katika Upare, wilaya ya Same, kuna mmea unaoitwa mirungi, ambao ni miongoni mwa mimea iliyokatazwa, na mashamba yake hufyekwa na askari. Huko Meru nchini Kenya mmea ule ule huitwa miraa, una wakulima wanaojulikana na serikali, na Uingereza ilipoufungia mlango mwezi wa Juni mwaka 2014 viongozi wa Kenya waliuombea kama kahawa. Jani ni moja na lugha ni moja. Majina mawili yameisaidia kila nchi kutoiona ya mwenzake. Hapana hoja kali zaidi ya hii dhidi ya wale wasemao kwamba sheria hufuata tu asili ya mmea.

Kuhusu wale wanaotaka ilimwe kwa ajili ya nyuzi, wao wana tabu ya namna yake, na katika mkoa wa Tanga tabu hiyo yachekesha. Mmea huu una jamii zisizolevya, zilimwazo kwa kamba na vitambaa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliieleza bangi kwa jina la Kiingereza linaloweza kufasiriwa katani ya Kihindi, na "katani" katika Kiswahili cha zamani ilikuwa nyuzi za mimea ya namna nyingi. Lakini mwaka 1893 Richard Hindorf aliuingiza mkonge. Miche 62 tu ilifika hai, ikapandwa karibu na Pangani, na uzao wake ukafunika nyanda zote zilizo chini ya milima ya Usambara. Tangu hapo katani ni ya mkonge. Mtu akienda Korogwe leo na kusema anataka kulima katani ya namna nyingine, ataonyeshwa shamba la mkonge. Hivyo mmea usiolevya umebaki bila jina, na kwa kukosa jina huitwa bangi, na kwa kuitwa bangi hukataliwa. Pendekezo la "bangi nyuzi" si zuri sana, lakini ni heri kuliko ukimya.

Yote haya yangeweza kuachiwa wapendao maneno, kama si tukio la mwaka 2021. Mwaka huo Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikikitumia tangu zamani, lakini makosa ya dawa za kulevya hayamalizwi huko. Sasa sheria zote zapaswa kufasiriwa, na neno atakaloliweka mfasiri ndilo litakalomfunga mtu.

Chukua neno moja tu. Kosa kubwa katika sheria ya 2015, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, kwa Kiswahili cha mahakamani huitwa "kusafirisha dawa za kulevya". Neno la Kiingereza linalofasiriwa hivyo limepewa katika sheria hiyo maana pana sana: ndani yake mna kuuza, kununua, kutoa, kuhifadhi, kutengeneza, kupeleka, na hata kuwa na kitu. Kiswahili "kusafirisha" kina maana moja tu, nayo ni kukitoa kitu hapa na kukipeleka kule. Mtu wa mlimani aliyekutwa na kifurushi darini husomewa kwamba alisafirisha. Yeye hujua kwamba hakusafirisha. Kifurushi hakikutoka darini, na yeye mwenyewe huenda hajapanda gari mwaka mzima. Anapokana shtaka, anakana kwa Kiswahili safi na kwa ukweli. Anapotiwa hatiani, anatiwa hatiani kwa Kiingereza kilichovaa nguo za Kiswahili. Sheria yaweza kuwa kali na bado ikaeleweka; hii haieleweki, na kosa la kutoeleweka halikuwa la mshtakiwa. "Kujishughulisha na biashara ya dawa za kulevya" lingefaa kwa baadhi ya matendo hayo. "Kuhifadhi" na "kupatikana na" yanajitegemea na yalikuwako katika lugha kabla ya sheria. Mfasiri atakayeyatenga atalazimisha sheria yenyewe iseme ni lipi hasa inaliadhibu kwa kifungo cha maisha.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili. Sheria ya mwaka 1966 juu ya pombe ya moshi, ile ambayo watu huiita gongo, haikudai kwamba gongo ni halali wala haramu. Iliweka leseni: mwenye kibali atengeneze, asiye nacho asitengeneze, na aliyekutwa nayo bila kibali ashtakiwe. Masheikh na wachungaji waliendelea kuikataza kwa maneno yao, na mahakimu waliendelea kuhukumu kwa maneno mengine, wala hapana aliyewachanganya. Maneno yaliyohitajika yalikuwako tayari: ruhusa, kibali, leseni, marufuku, kosa. Kwa jambo ambalo Kiingereza hulitofautisha na ruhusa kamili, yaani kumwondolea mtumiaji mashtaka bila ya kuifungulia biashara mlango, "kuifutia jinai" lasikika vizuri, na mkulima wa Gare atalielewa mara ya kwanza, kwa kuwa jinai anaijua na kufuta anakujua.